Wakongwe na Chipukizi kwenye Faili Moja: Mwongozo Kamili kwa Ofisi za Ushauri wa Fedha

Ofisi nyingi za ushauri wa fedha zimeshajaribu kuwaunganisha washauri wakongwe na chipukizi, na nyingi zimejikuta pale pale zilipoanzia. Inaitishwa semina ya siku moja, watu wanaelezwa kwamba kila rika lina tabia zake, wanapiga picha ya pamoja. Jumatatu mkongwe anaingia ofisini kwake na wateja wake kichwani, na chipukizi anarudi kwenye kompyuta kusubiri atumwe.

Semina inashughulikia tabia, ilhali ugomvi wenyewe uko kwenye mambo matatu: mteja ni wa nani, ada inagawanywaje, na nani anajua jambo ambalo halijaandikwa popote. Yakitatuliwa hayo, nyingi ya zile zinazoitwa tabia za rika hupungua zenyewe. Mwongozo huu unachukua miezi 12 na unafaa ofisi yenye washauri kati ya 2 na 15. Ofisi kubwa zaidi ianze na kitengo kimoja.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Msianze hatua ya kwanza kabla havijakamilika.

- Orodha ya wateja wote kwenye lahajedwali moja, yenye safu hizi: jina, umri, mwaka alipojiunga, mshauri wake, thamani ya mali inayosimamiwa, ada ya mwaka, tarehe ya kikao cha mwisho, mtu wake wa karibu, na jina la mfanyakazi mwingine wa ofisi anayefahamiana na mteja huyo. Safu ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Kila pasipo na jina, mteja huyo anaitegemea afya ya mtu mmoja.
- Saa 2 kwa wiki kwa kila jozi ya mkongwe na chipukizi, zikiwa kwenye kalenda ya ofisi kwa miezi 12 mbele. Muda wa "tukipata nafasi" haupatikani.
- Fomu moja ya muhtasari wa kikao, isiyozidi ukurasa mmoja: mteja alikuja na nini, alishauriwa nini na kwa sababu gani, aliamua nini, nani atafanya nini na lini.
- Msimamizi asiye na maslahi katika mgao wa ada. Msimamizi wa ofisi au ofisa wa uzingatiaji wa kanuni anafaa. Mwenye kampuni hafai, kwa sababu kila mtu atamwambia anachotaka kusikia.
- Hali ya leseni ya kila mmoja. Chipukizi ambaye bado hajaidhinishwa kutoa ushauri anaweza kuandika, kukokotoa na kueleza utaratibu, lakini asipendekeze bidhaa yoyote kwa mteja. Thibitisheni mipaka hiyo kwa mamlaka inayowasimamia kabla mteja wa kwanza hajaguswa.

## Hatua ya 1: Tafuteni kazi inakwama wapi (wiki 2)

Msimamizi aongee na kila mfanyakazi peke yake, dakika 40, wakiwemo wahudumu wa mapokezi na makarani. Makarani ndio wanaojua faili zipi hurudi zikiwa pungufu. Maswali matano yanatosha:

1. Wiki iliyopita ulisubiri nini kutoka kwa mwenzako, na ulisubiri kwa muda gani?
2. Ni kazi gani umeirudia kwa sababu hukupewa taarifa mapema?
3. Ni jambo gani unalijua kuhusu mteja ambalo haliko kwenye faili?
4. Ni kazi gani ungependa kukabidhiwa na hukabidhiwi?
5. Ni kazi gani ungependa kuiachia, na nini kinakuzuia?

Msiwaweke watu pamoja kwa mahojiano haya. Chipukizi hatasema mbele ya mkongwe kwamba husubiri siku 9 kupata muhtasari wa kikao, na mkongwe hatasema mbele ya chipukizi kwamba anaogopa kuaibika na programu mpya.

Jambo jingine: msiwapange watu kwa mwaka wa kuzaliwa. Mtu wa miaka 52 aliyetoka ualimu na kuanza ushauri wa fedha miaka 3 iliyopita ni chipukizi. Mwenye miaka 36 aliyeanza na miaka 22 ameshaona mengi. Andikeni vitu vitatu kwa kila mmoja: miaka ya kuonana na wateja, misukosuko ya soko aliyoipitia akiwa na wateja mkononi, na zana anazozitumia bila msaada. Hivyo vitatu vinaeleza mengi kuliko umri.

Mmefaulu ikiwa mna orodha ya mambo 6 hadi 10 yanayopimika. "Vijana hawana subira" halipimiki. "Barua ya mapendekezo hukaa siku 12 ikisubiri saini" linapimika.

## Hatua ya 2: Malizeni suala la fedha kwanza (wiki 3)

Hapa ndipo ofisi nyingi huruka, na hapa ndipo zinaposhindwa. Mkongwe analipwa kwa wateja alionao. Ukimwambia "mshirikishe mwenzako" bila kumweleza kipato chake kitakuwaje, umemwambia akabidhi mshahara wake. Atakubali kwa mdomo, kisha vikao vitakuwa vinahamishwa hadi tarehe ambazo chipukizi hayupo. Huyo si mtu mbaya, anailinda familia yake. Na chipukizi asiyejua atapata nini mwaka wa 3 huanza kutafuta kazi kwingine katika mwaka wa 2, akiwa ndiyo kwanza ameanza kufaa.

Andikeni mgao kwa wateja wa pamoja tu. Wengine waachwe kama walivyo. Tuseme wateja hao wanaingiza ada ya 100 kwa mwaka na ofisi inawaachia washauri 50. Mgao wa hiyo 50 unaweza kwenda hivi:

- Mwaka wa 1: mkongwe 45, chipukizi 5.
- Mwaka wa 2: mkongwe 35, chipukizi 15.
- Mwaka wa 3: 25 kwa 25.

Namba zenu zinaweza kuwa tofauti. La lazima ni ngazi iwe imeandikwa yote tangu mwanzo, na kila ngazi ifungwe na kazi iliyofanyika. Chipukizi hapandi mwaka wa 2 kwa kalenda tu. Anapanda kwa sababu ameongoza kikao kizima kwa kila mteja na mihtasari yake yote iko kwenye mfumo. Vilevile mkongwe asishushwe kabla ya kazi hiyo kufanyika.

Kisha jibuni kwa maandishi maswali matatu ambayo huja kuvunja urafiki baadaye:

- Mtoto wa mteja akija na fedha zake mwenyewe, ada yake inahesabiwa kwa nani?
- Mteja wa pamoja akiondoka, nani anabeba pengo?
- Mkongwe akiugua miezi 4, mgao unabaki ulivyo au unabadilika?

Kuna njia mbili zinazopendwa ambazo tunawasihi mziepuke. Ya kwanza ni kumrundikia chipukizi wateja wote wadogo. Ada zao hazilipi muda wake, mahitaji yao hayamfundishi mirathi wala mpango wa kustaafu, na wao wenyewe hujiona wametupwa. Ya pili ni kumlipa chipukizi kwa wateja wapya tu. Mkifanya hivyo mmemwambia kwamba saa anazokaa kujifunza kwa mkongwe ni hasara kwake.

Mmefaulu ikiwa msimamizi anaweza kuwapa wote wawili karatasi tupu, kila mmoja akokotoe peke yake atapata nini mwezi ujao na mwezi kama huo mwakani, na majibu yakafanana. Yakitofautiana, msiendelee.

## Hatua ya 3: Chagueni wateja 10 hadi 12 wa kuanzia

Changanyeni: 4 walio katikati ya maisha ya kazi, 4 wenye watoto watu wazima, na 2 hadi 4 waliokwisha kustaafu. Msianze na mteja mkubwa kuliko wote, kwa kuwa hofu ya kumpoteza itamfanya mkongwe asiachie chochote. Msianze pia na mteja anayejulikana ofisini kwa ugomvi. Akimkataa chipukizi mtasema mpango umeshindwa, kumbe mteja huyo humkataa kila mtu.

Kama ofisi ni ya familia, mzazi asimlee mwanawe katika jozi moja. Mahesabu ya nyumbani huingia kikaoni na mteja huyaona.

## Hatua ya 4: Vikao vitatu vya kukabidhiana (mwezi wa 2 hadi wa 10)

Kila mteja apitie vikao vitatu. Kikao cha kwanza mkongwe anaongoza, chipukizi anaandika na kueleza kipengele kimoja alichokiandaa. Cha pili wanagawana nusu kwa nusu. Cha tatu chipukizi anaongoza, mkongwe anakaa pembeni.

### Kabla ya kikao

Jozi ikae dakika 20 siku moja kabla. Ikubaliane mambo manne: lengo la kikao, nani anaeleza nini, swali gumu linalotarajiwa, na nani atalijibu. Ikubaliane pia sentensi ya kutumia mmoja akiona kosa. Chipukizi wengi wameona hesabu imekosewa mbele ya mteja wakanyamaza kwa heshima, na kosa likaingia kwenye barua. Sentensi kama "Naomba tuihakiki namba hii kabla hatujaendelea" haimvunjii mtu heshima, na yeyote kati yao anaweza kuisema. Ikisemwa, wote wawili wanasimama na kuangalia karatasi. Hakuna kubishana.

### Utambulisho

Maneno ya mkongwe katika dakika 2 za mwanzo huamua mteja atamwonaje chipukizi kwa miaka ijayo. "Huyu ni kijana wetu, anajifunza" humshusha kabla hajafungua mdomo. Afadhali mkongwe aseme kazi aliyoifanya: "Mama, huyu ni mwenzangu. Hesabu za pensheni tutakazozipitia leo ni yeye aliyezifanya, na mimi nimezikagua. Kuanzia sasa faili lako tunalishika wawili, ili siku nisipokuwepo usianze upya na mtu asiyekujua." Hapo mteja amepewa sababu inayomfaa yeye. Hajaambiwa kwamba mshauri wake anataka kupumzika.

### Ndani ya kikao

Kaeni upande mmoja wa meza, chipukizi akiwa karibu zaidi na mteja kuanzia kikao cha pili. Mteja akiuliza swali, atamtazama mkongwe kwa mazoea. Mkongwe asijibu. Ageuze kichwa amtazame mwenzake, asubiri. Ukimya wa sekunde 3 utaonekana mrefu, lakini ndio unaohamisha macho ya mteja. Mkongwe ambaye hawezi kujizuia ashike kalamu na kuandika alichotaka kusema. Asilimia kubwa ya hayo chipukizi atayasema mwenyewe, na yaliyobaki yataongezwa mwishoni.

### Baada ya kikao

Muhtasari uingie kwenye mfumo ndani ya saa 24, mkongwe aupitie ndani ya saa 48. Marekebisho yaandikwe pembeni pamoja na sababu: "Hapa ongeza kwamba alikataa bima kwa sababu mwajiri anamlipia." Kurekebisha kimyakimya hakumfundishi mtu.

Kisha inakuja simu. Mteja atampigia mkongwe pembeni siku chache baadaye kuuliza lile lile lililozungumzwa. Hili ni jambo dogo linaloharibu kazi ya miezi mitatu. Mkongwe akijibu pale pale, mteja amejifunza kwamba kikao kilikuwa maonyesho. Jibu liwe: "Nimekusikia, mama. Mwenzangu ndiye mwenye hesabu hizo mbele yake, atakupigia leo kabla ya saa kumi jioni." Na chipukizi apige kweli kabla ya saa kumi. Akichelewa mara moja tu, mteja atarudi kwa mkongwe na atakuwa na haki.

Mmefaulu ikiwa baada ya kikao cha tatu mteja anamtafuta chipukizi mwenyewe, kwa jina, bila kuelekezwa. Kwa wateja 12, tarajieni 8 au 9 wafike hapo ndani ya mwaka. Mmoja au wawili watakataa kabisa; wabaki na mkongwe, na msiwalazimishe.

## Hatua ya 5: Toeni maarifa kichwani, yawe kwenye faili

Mkongwe anajua kwamba mteja fulani hataki kusikia neno mkopo kwa sababu alimdhamini ndugu akalipishwa. Anajua kwamba katika nyumba fulani mume ndiye anayeongea na mke ndiye anayeamua. Hakuna programu yenye safu ya mambo hayo.

Kila wiki jozi ikae dakika 25 kwa mteja mmoja. Chipukizi aulize, mkongwe aongee, sauti irekodiwe kwa ridhaa ya mkongwe, kisha chipukizi aandike nusu ukurasa na rekodi ifutwe. Maswali: alikujaje kwetu? Uamuzi gani wa fedha anaujutia? Anaogopa nini? Nani humshauri nje ya ofisi? Soko liliposhuka mara ya mwisho alifanya nini? Tumewahi kumkosea? Ni lini umemwambia "usifanye" akafanya?

Andikeni kana kwamba mteja atasoma, kwa sababu sheria za faragha katika nchi nyingi zinampa haki hiyo. "Mbahili na mgomvi" haliandikwi. "Hupenda kuona gharama zote kabla ya faida" linaandikwa, na linamfaa zaidi chipukizi.

### Zoezi la soko

Sehemu hii inastahili saa 2 kamili, kwa kuwa ndipo tofauti ya marika inapogusa fedha za mteja moja kwa moja.

Oktoba 19, 1987, fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka asilimia 22.6 kwa siku moja. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Machi 2009, fahirisi ya S&P 500, kipimo kama hicho chenye kampuni nyingi zaidi, ilipoteza takriban asilimia 57, na haikurudi kwenye kilele chake cha 2007 hadi Machi 2013. Mwaka 2020 fahirisi hiyo hiyo ilishuka kama asilimia 34 ndani ya mwezi mmoja na siku chache, kisha Agosti mwaka huo huo ikawa imeshapanda juu ya ilipoanzia.

Aliyeanza kazi baada ya 2009 amejifunza kwa macho yake kwamba soko likianguka hurudi upesi. Aliyekuwa na wateja 2008 amejifunza kwamba linaweza kukaa chini miaka 5, na wateja wakapiga simu usiku. Wote wawili wameona kweli, na kila mmoja anaweza kumdhuru mteja kwa kweli yake. Chipukizi anaweza kumwachia mstaafu hisa nyingi kupita kiasi. Mkongwe anaweza kumwekea mteja wa miaka 28 fedha zote kwenye hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni inayolipa riba) na amana, akamnyima miaka 30 ya ukuaji.

Chukueni karatasi na mkokotoe pamoja. Mtaji wa 100 ukishuka asilimia 50 unabaki 50, na ili kurudi 100 unahitaji kupanda asilimia 100. Sasa mwekeni mstaafu: mtaji 100, soko linashuka asilimia 40, unabaki 60. Mwaka huo amechukua 5 za matumizi, umebaki 55. Ili kurudi 100 unahitaji kupanda karibu asilimia 82, na mwakani atachukua tena 5. Kijana mwenye mtaji huo huo anayeongeza 5 badala ya kuchukua anakuwa na 65, na anahitaji asilimia 54 tu. Mshuko ni ule ule, maisha ni mawili. Jozi ikishaiona hesabu hii kwa mkono wake, mabishano ya "wewe mwoga" na "wewe hujaona kitu" hukosa pa kushika.

Malizeni kwa kuchagua mteja mmoja, kila mmoja amwandikie barua ya mapendekezo bila kuona ya mwenzake. Zilinganisheni. Panapotofautiana, kila mmoja aseme ni tukio gani alilowahi kuliona lililomfanya aandike hivyo, kisha angalieni umri wa mteja, mahitaji yake ya fedha taslimu na uwezo wake wa kuhimili hasara. Barua ya tatu, watakayoiandika pamoja, ndiyo itakayotumwa.

## Hatua ya 6: Zana, moja baada ya nyingine

Chipukizi amfundishe mkongwe zana moja kwa wiki 4, dakika 30 kila wiki, kwa kutumia faili la mteja halisi wa mkongwe. Mifano ya kubuni haikai kichwani.

Sheria ni moja: mkono wa mkongwe ndio unaoshika kipanya. Chipukizi akisema "ngoja nikufanyie", somo limeisha, na kidogo kidogo atageuka karani wa mkongwe. Mwisho wa wiki ya kwanza waandike kadi ya mistari isiyozidi 8, kwa maneno ya mkongwe mwenyewe, ibandikwe pembeni mwa kompyuta. Wiki ya 4 mkongwe afanye kazi hiyo mara 3 peke yake.

Msimnyang'anye mtu daftari lake. Mkongwe anayeandika kwa kalamu anasikiliza vizuri kuliko anayehangaika na kibodi. Mwacheni aandike, kurasa zipigwe picha na kuingizwa kwenye faili siku hiyo hiyo.

Onyo kali: nenosiri halipeanwi, hata kwa nia njema. Chipukizi akiingia kwenye mfumo kwa jina la mkongwe, rekodi itaonyesha kwamba mkongwe ndiye aliyetoa agizo ambalo hakulitoa. Ukaguzi ukija, hakuna atakayeweza kujitetea. Aombewe ruhusa yake mwenyewe, yenye mipaka.

## Hatua ya 7: Ukurasa mmoja wa mawasiliano

Andikeni kwenye ukurasa mmoja: jambo gani linapita njia gani, na linajibiwa ndani ya muda gani. Bila ukurasa huo, mkongwe ataona ujumbe mfupi ni utovu wa adabu, na chipukizi ataona simu ya ghafla ni usumbufu.

Maagizo ya kununua au kuuza yasipite kwenye simu binafsi. Vijana huteleza hapa kwa sababu wateja wa rika lao huandika WhatsApp, na wakongwe huteleza kwa kupokea maagizo ya mdomo wakiwa barabarani. Wasimamizi wa masoko hawatanii na jambo hili: Desemba 2021 nchini Marekani, kampuni ya JPMorgan Securities ilikubali kulipa dola milioni 125 kwa SEC, tume inayosimamia masoko ya mitaji, kwa kushindwa kuhifadhi mawasiliano ya kikazi yaliyopita kwenye simu binafsi na programu za ujumbe. Mteja akiandika huko, jibu ni kumwelekeza kwenye njia ya ofisi na kunakili ujumbe wake kwenye faili.

Ombi lolote la kuhamisha fedha au kubadili akaunti ya benki lithibitishwe kwa kupiga simu kwenye namba iliyoko kwenye faili, kamwe si namba iliyoletwa na ujumbe wenyewe. Hapa mkongwe anayetambua sauti ya mteja wake ana thamani kubwa.

Simu ikishaisha, mistari miwili iingie kwenye mfumo. Mwenye kupenda simu aendelee na simu, mradi mistari hiyo ipo.

## Hatua ya 8: Watoto wa wateja

Kuanzia mwezi wa 6, chagueni wateja 3 wenye watoto watu wazima na mpange kikao cha familia. Watoto ambao hawajawahi kuonana na mshauri wa mzazi wao hawana sababu ya kubaki naye fedha zikiwaangukia. Chipukizi wa rika lao huongea nao kwa wepesi, na mkongwe anajua mzazi alikuwa anataka nini.

Pateni kwanza ridhaa ya maandishi ya mzazi inayotaja kipi kinaweza kusemwa: majina ya hati na mahali zilipo tu, au pamoja na viasi vya fedha. Bila hati hiyo msitaje hata thamani ya akaunti. Mtoto akitaka ushauri wake mwenyewe, afunguliwe faili lake, na siri zake zisivuke kwenda kwa mzazi. Maslahi yao yakigongana, semeni wazi na mmoja apewe mshauri mwingine.

Katika kikao hicho mwombeni mzazi amtaje mtu wa kuaminiwa ambaye ofisi inaweza kumpigia ikiona mabadiliko. Mkongwe aliyemjua mteja kwa miaka 20 ataona mapema akirudia swali lile lile mara tatu au akitoa agizo lisilofanana naye. Chipukizi hawezi kuliona hilo, hana cha kulinganisha. Mkiona dalili, simamisheni uamuzi mkubwa, andikeni mlichokiona bila kutaja ugonjwa, na mfuate utaratibu wa ofisi na sheria.

## Hatua ya 9: Kupima, na nini cha kufanya ikikwama

Mwezi wa 3, 6 na 12, msimamizi aangalie namba tano: wateja wenye jina kwenye ile safu ya mwisho ya orodha ya wateja, mihtasari iliyoingia ndani ya saa 24, siku za kusubiri saini, vikao vilivyoongozwa na chipukizi, na saa 2 za wiki zilizofanyika kweli. Saa hizo zikishuka chini ya nusu, anzeni hapo. Nyingine zitafuata kuanguka.

Jozi ikikwama, msimamizi aulize kwanza suala la hatua ya 2. Mara nyingi mmoja ameshajisikia amepunjwa na hajasema. Kama fedha ziko sawa na bado hawaelewani baada ya miezi 4, badilisheni jozi bila kumtafuta mkosaji.

Mwezi wa 12 mkongwe aende likizo ya wiki 3 na simu ya kazi ibaki ofisini. Wateja wa pamoja waambiwe wiki 2 kabla, kwa sauti ya mkongwe mwenyewe. Kila swali litakaloingia ambalo chipukizi hawezi kulijibu kutoka kwenye faili aliandike kwenye karatasi moja, pamoja na jina la mteja na tarehe. Mkongwe akirudi, waipitie karatasi hiyo asubuhi ya siku ya kwanza, kabla hajafungua barua pepe. Kilichoandikwa humo ndicho kitakachojazwa kwenye mafaili ya wateja 12 wanaofuata.